Jene, Si Jeneve

Ninyi vijana mnaoingia nyumbani kwangu na kucheka ile patalo ya jini, suruali ya jinzi iliyotundikwa kwenye msumari, yenye kiraka gotini kilichoshonwa pande mbili na pande mbili ziko wazi, kaeni chini msome. Sitaeleza mara mbili. Mjukuu wangu Furaha ananiambia kwamba siku hizi hamsomi kitu kirefu. Hiki mtakisoma, kwa sababu mmeicheka nyumba yangu.

Nataka kusema juu ya fundi. Jina lake sitaliandika. Liko tayari kwenye makaratasi mengi, sitaki kuliongeza kwenye langu. Hapa Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi huku Uganda, mafundi wa nguo wako wanne njiani kwenda kisimani, lakini mtu akisema "fundi" peke yake, hata mtoto anajua ni yupi. Ni yule wa mashini nyeusi chini ya bati, mwenye bega la kulia lililoshuka kuliko la kushoto. Alizaliwa na nani, ukoo gani, waulizeni wengine. Mimi nilimkuta hapa. Kwamba ni mtu wa Kivu ya Kusini kama mimi, nililisikia kwenye mdomo wake siku ya kwanza, na sikufurahi wala sikuchukia. Kutoka fasi moja si kujuana.

Nianze na macho yake, maana ndiyo yaliyonifanya nimshuku. Fundi hakupima mtu kwa mita. Alikuangalia mara moja, kuanzia mabega mpaka chini, akaandika kwa chaki kwenye meza ya mashini, akarudi kukanyaga. Nguo ikija, inakukaa kama ngozi. Wanawake wengine walimsifu. Mimi nilijiuliza: mtu anayejua kiuno chako bila kukigusa, anajua nini kingine? Kila nilipopita pale nilijifunga kitenge mara mbili.

Na cha ajabu, nguo zake mwenyewe hazikumkaa. Shati liko refu huku, fupi kule. Koti alilojishonea kwa ajili ya misa lilimfanya aonekane ameliazima. Nilimwuliza siku moja.

"Fundi, unashonea batu wote muzuri. Weye mwenyewe juu ya nini uko hivi?"

"Mama Bahati, mimi sijioni."

Basi. Akaendelea kukanyaga.

Mnaniita Mama Bahati mpaka leo, na wengine hamjui Bahati ni nani. Ni mwanangu, baba yake Furaha. Asubuhi moja alisimama mlangoni akasema, "Mama, ninaenda kutembea Mbarara, nitarudi jioni." Kwetu, kutembea ni kwenda kusalimia watu na kurudi. Anayehama hatembei. Mwanangu alisema kutembea, na hakurudi jioni ile wala jioni nyingine. Niliuliza barabarani, niliuliza kwenye magari, niliuliza polisi, niliuliza mtaa wa Kakoba kule Mbarara duka kwa duka. Mwaka wa kwanza niliuliza kila wiki. Mwaka wa pili niliacha. Tangu hapo, nyumbani kwangu neno kutembea halisemwi hovyo. Anayekwenda shambani aseme shambani.

Alibakiza vitu vichache. Kimoja ni ile patalo. Nilipoona haina mtu, niliipeleka kwa fundi aikate, iwe sketi ya Furaha. Kitambaa cha jini ni kigumu, hakiozi bure.

"Kesho, mama," fundi akasema.

Sasa hapo ndipo nifike kwenye neno lake. Neno la fundi lilikuwa kesho. Mafundi wote husema kesho, najua, lakini huyu alilisema bila aibu, kama mtu anayetoa salamu. Jirani yangu Mama Claudine, Mrundi mwenye ulimi, alikuwa anakwenda pale kumkorofisha tu juu ya robo, gauni lake.

"Fundi, robo yangu iko wapi?"

"Kesho."

"Kesho ya juzi ao kesho ingine?"

"Hii ni kesho ya kweli, mama."

"Ya kweli umeiweka wapi siku zote? Umeifungia mu sanduku?"

Watu wanacheka, yeye hacheki. Na robo ya Mama Claudine ilikuja, wiki tatu nyuma ya siku, imeshonwa vizuri mpaka akanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuleta nguo hata moja siku aliyosema. Lakini nikitafuta kwenye kichwa changu nguo ambayo hakuileta kabisa, ya mtu yeyote, napata moja tu. Ile ya mwanangu.

Kwa hiyo nilimhesabu kuwa mwongo. Mtu akidanganya katika kitu kidogo kila siku, sioni kinachomzuia katika kikubwa. Halafu siku moja ya kugawa posho mvua ilinyesha, na fundi akaikuta kadi ya posho ya Mama Claudine ndani ya mfuko wa koti la mume wake, ambalo alikuwa anabadilisha bitana. Aliacha mashini akakimbia mpaka kwenye mstari wa posho, akafika matope yakiwa magotini, akampa kadi yake, akarudi bila kungoja asante. Kila alichokuta mfukoni alirudisha. Barua, kitambulisho, hata ganda la njugu. Mimi nilisema moyoni, anayerudisha kila kitu anasoma kwanza kila kitu. Hamjaniona nikibadilika upesi.

Na sindano yake. Mashini ilishona vingi, lakini viraka alishona kwa mkono, kwa sindano moja nene yenye tundu pana, nyeusi kwa vidole vya miaka. Akiondoka kwenda soko la Ngarama, au misa, au kula, aliichomeka kwenye nguo aliyokuwa anashona, uzi unaning'inia, akaenda. Wenzake walimwambia ataibiwa. Akajibu kwamba fundi anayerudi huacha sindano ndani ya nguo, ndivyo alivyofundishwa kwao. Fundi anayeondoka kabisa ndiye anayechomoa. Yeye alichomoa mara moja tu maishani, siku vita ilipofika kwao. Nguo iliyokuwa mkononi ilikuwa ya harusi ya mtu. Alichomoa, akaitia sindano kwenye ukosi wa shati, akakimbia. Ni sindano hii hii, akasema.

Nilisikia hayo nikiwa nimesimama na ndoo. Nikaenda zangu kisimani. Lakini tangu siku hiyo, nikipita nikakuta mashini haina mtu, naangalia kwanza kama sindano iko.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuja kusema anapanga kwenda Ulaya.

Ilianza na mgeni, mwanamke mzungu aliyekuja na watu wa parokia. Waya wa ua ulimchania patalo yake ya jini kwenye paja, wakamleta kwa fundi. Fundi akamfunika kwa kitenge, akashona. Yule mwanamke alipotazama fasi iliyochanika hakuiona tena. Wakaongea Kifaransa, chake kibovu na cha fundi kibovu. Akamwambia kwamba anatoka mji wa bandari huko Italia, mji wa zamani sana, na kwamba hiki kitambaa kilipata jina lake kutoka kwenye mji huo. Wabeba mizigo wa bandari walikivaa. Na akamwambia kwamba kule wametunza vitambaa vikubwa vya bluu, vya kale, vilivyochorwa mateso ya Yesu kutoka mwanzo mpaka kaburini, vimeunganishwa kwa sindano ya mkono. Baadaye akaandika barua ya mwaliko. Wiki mbili, aje aone, arudi.

Wafaransa mji huo wanauita Gênes, na fundi alitamka kwa Kifaransa. Alisimama mlangoni kwangu akasema, "Mama Bahati, niko napanga kwenda kutembea Jene."

Mimi nilisikia vitu viwili. Nilisikia kutembea, na nilisikia Jeneve.

Ninyi mmezaliwa kambini, mnajua Jeneve ni nini kwetu. Hatujui barabara zake, hatujui hali ya hewa yake, lakini tunajua kwamba mafaili yetu yanalala huko, katika ofisi kubwa ya wakimbizi, na kwamba mtu akisema neno huko, jina moja linapanda na jingine linashuka. Kabla ya chakula cha mchana Rubondo yote ilijua: fundi anakwenda Jeneve. Wengine walisema amepewa nafasi ya kuhamia Ulaya kwa siri. Wengine walisema ndiyo maana alikuwa anasoma makaratasi ya mifukoni, anakusanya majina. Nilisema hivyo pia. Sitawadanganya, nililisema kwa sauti.

Mama Claudine yeye hakupoteza muda na shaka. Alichukua faili lake, akalifunga kwenye plastiki, akampelekea.

"Unipelekee hii. Uwaambie tuko batu tisa, si munane."

"Mama, siendi Jeneve. Niko naenda Jene."

"Jene ni nini?"

"Ni muji. Iko bandari."

"Fundi, usinichezee. Ile 've' umeificha wapi? Umeishonea mu bitana?"

Hata fundi siku ile alicheka kidogo. Lakini faili hakulichukua, na Mama Claudine alikasirika wiki nzima, akiwaambia watu kwamba fundi anakwenda mji wa majini, kwa sababu alisikia akisema ni mji wa jini. Mhubiri mmoja akaanza kumwombea.

Hayo yangepita. Lakini viza ilitaka barua ya mwenyekiti wa kijiji kusema kwamba fundi anajulikana, ana nyumba, na atarudi. Mwenyekiti hakutaka kubeba peke yake. Akasema majirani wawili waandike majina chini, wa kulia na wa kushoto, ndipo agonge muhuri. Wa kulia alikuwa mume wa Mama Claudine, akaandika. Wa kushoto ni mimi.

Nilikataa.

"Jina langu liko kwenye faili moja tu," nilimwambia. "Ukibaki kule, watakuja kuuliza nani alisema utarudi. Watanikuta mimi na Furaha hapa."

"Nitarudi, mama."

"Lini?"

"Jumapili ya tatu."

"Weye? Siku?"

Alijua nimemkamata hapo. Mtu ambaye hajawahi kutimiza siku hata ya pindo la sketi ananitaka niandikie serikali ya watu siku yake.

"Na unaenda kuangalia nini mpaka kule? Picha za Yesu ziko hata hapa kanisani."

"Picha iko ya muchoraji," akasema. "Mimi nataka kuona mushono. Ile vitambaa ni mikubwa kama ukuta. Waliunga namna gani, isivutane, miaka yote ile? Nataka kuona na macho."

Nani anavuka bahari kwa ajili ya mshono? Nilifunga mlango.

Alikuja mara ya pili, nikakataa. Halafu nikasikia anakwenda Mbarara kuandikisha makaratasi. Nilimwambia Furaha nakwenda kununua dawa ya mgongo. Nilidanganya. Nilimfuata. Nilimwona pale Kakoba akiingia kwenye duka dogo la kuchapa barua na kupiga fotokopi. Nilisimama upande wa pili, nyuma ya bodaboda, mpaka akatoka na bahasha yake. Ndipo nikaingia. Ndani alikuwa msichana Mnyankore na kompyuta yake.

"Ule muzee ametoka hapa, ameandika nini?"

"Mukaaka, bibi yangu, wewe ni nani yake?"

"Jirani."

"Jirani hapana soma barua ya mtu."

Nilimheshimu kwa hilo, ingawa sikumwonyesha. Nikavuta kiti.

"Basi unionyeshe Jene iko wapi. Hiyo si barua ya mtu."

Akacheka, akaandika, akageuza kompyuta upande wangu. "Hii hapa. Italia. Hii yote bahari, hapa meli."

"Na Jeneve?"

Akasogeza kidole. "Hiyo ingine kabisa. Nchi ingine. Iko na ziwa, hapana bahari."

Niliangalia kwa muda mrefu. Ziwa nalijua. Niliuza samaki wa ndagala bandarini Kalundu, kwetu Kivu, kabla hamjazaliwa, najua meli inavyokaa ukingoni na wabeba mizigo wanavyopanda ubao, migongo imelowa. Na hao wa kwenye kompyuta walikuwa na milima nyuma yao kama sisi.

"Hapo kwenye meli hakuna ofisi ya wakimbizi?"

"Mukaaka, mimi naona meli tu, na nyumba za rangi."

Mtadhani nilitoka pale nimefurahi. Sikufurahi. Nilikuwa na shaka nzuri, yenye nyumba, na sasa nyumba imeanguka. Njiani nikaitafutia nyumba nyingine, nikaipata kabla ya kufika Isingiro: sawa, anakwenda Jene kweli, lakini harudi. Mtu mwenye macho yale na mikono ile, kule kwenye meli na nyumba za rangi, arudi Rubondo kufanya nini? Kushona robo ya Mama Claudine?

Alikuja mara ya tatu. Watu wa viza walimpa siku ya kufika Kampala, zilibaki siku mbili, na mwenyekiti alikuwa hajagonga muhuri. Fundi hakuomba. Aliweka barua mezani, akaweka kalamu juu yake, akasimama.

"Kaa," nikasema.

Hakukaa.

"Kabla ya barua, leta patalo ya mwanangu. Kama uliiuza, sema. Kama uliivaa, sema."

Alitoka. Nilidhani amekwenda moja kwa moja. Akarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti la zamani. Nikafungua. Ilikuwa imekunjwa vizuri, haina vumbi, goti la kushoto limechanika kama lilivyokuwa.

"Haijakatwa," nikasema.

"Haijakatwa, mama."

"Nilikuambia ukate. Miaka ngapi?"

"Mine."

"Na ulikuwa unasema kesho."

"Nilikuwa nasema kesho."

"Juu ya nini?"

Aliangalia chini, kwenye miguu yake, yeye anayeangalia kila mtu mwili mzima.

"Nikiikata, mwenyewe akirudi atavaa nini?"

Nje mbuzi wa Mama Claudine walikuwa wanakula ua langu, na sikuinuka. Nilitaka kumpiga, hilo niandike kama lilivyo. Mimi mama yake niliacha kuuliza mwaka wa pili. Nilitaka kumfanya mwanangu sketi. Na huyu mwongo, kila niliposimama mbele ya mashini yake, alinitazama usoni akaniambia kesho, kwa ajili ya mtoto ambaye hakumzaa.

Furaha alikuwa kwenye kona. Nilimwambia atoke.

"Ulinidanganya," nikamwambia fundi.

"Ndiyo, mama. Nilidanganya."

Nilichukua kalamu. Niliandika jina langu lote, mpaka la ubatizo, kwa herufi kubwa, alisome hata mtu wa mbali. Bado sikuamini kwamba atarudi. Niliandika hivyo hivyo.

"Ukibaki kule nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Utakuja na nini, mama?"

"Na miguu. Na hiyo patalo, usiikate. Ishone kiraka tu pale gotini."

"Kesho," akasema, na mara akafunga mdomo. Sote wawili tulilisikia.

Viza ilikubaliwa. Hiyo mnaijua. Alipita kwangu asubuhi ya safari, amevaa lile koti la misa, bega moja juu jingine chini, na mfuko mdogo kuliko wa mtu anayekwenda Ngarama. Niliuangalia ule mfuko. Mfuko mdogo unaweza kuwa wa mtu anayerudi, na unaweza kuwa wa mtu ambaye hana anachotaka kuchukua. Akanipa patalo.

Kiraka kilikuwa cha kitambaa kile kile cha jini, rangi imelingana mpaka unakitafuta. Upande wa juu umeshonwa, wa kulia umeshonwa. Hapo sindano imesimama, uzi unaning'inia.

"Haijaisha," nikasema.

"Bado, mama."

Niliishika kwa kidole gumba. Nilidhani ameniwekea sindano yoyote, ya mashini iliyovunjika, ya kumtuliza mwanamke mzee. Nikapapasa tundu. Tundu pana, nyeusi. Ilikuwa ile.

"Umesahau sindano yako."

"Sikusahau."

Akaenda barabarani. Sikumpungia mkono. Nilisimama tu mpaka koti lile likapotea.

Jumapili ya tatu ilikuwa juzi. Hakuja. Jana Mama Claudine alisimama kwenye ua, na hakuwa na ubaya, sauti yake ilikuwa chini.

"Mama Bahati, ule amebaki. Weye ulimusinia ile barua."

Leo asubuhi mwenyekiti mwenyewe amekuja na barua ile mkononi, ameikunja jina langu likiwa nje. Akaniuliza fundi anarudi lini, maana ataulizwa. Nilifungua mdomo kumwambia kwamba mimi tangu mwanzo nilishuku, kwamba nilikataa mara mbili, kwamba kila mtu ni shahidi. Na mdomo wangu ukasema:

"Kesho."

Aliniangalia. Nikamwangalia. Akaenda.

Nilipogeuka, Furaha alikuwa ameishusha patalo kutoka kwenye msumari. Alisema kuna vumbi, anataka kuifua, na vidole vyake viwili vilikuwa vimeshaikamata sindano.

"Furaha, rudisha patalo ku musumari. Haifuliwi, haivaliwi, haikatwi. Na ile sindano, mu hii nyumba mutu asiichomoe."